Maji ya Frigo: Baridi ya Mashine katika Milima ya Masisi na Misitu ya Walikale

Maji yanayotuama chini ya frigo au kiyoyozi mara nyingi hayakutoka ndani ya mashine. Yametoka hewani. Hewa hubeba mvuke, na ikigusa kitu chenye baridi ya kutosha huutua mvuke huo ukawa matone. Mashine ya baridi iliyo nzima, kwa hiyo, hutoa maji kila siku ya kazi yake. Ubovu huanza maji hayo yanapokosa njia, yakarudi kwenye dawa, kwenye waya au sakafuni. Historia ya baridi ya mashine katika Masisi na Walikale, teritori mbili jirani za jimbo la Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, ni kwa sehemu kubwa historia ya kuyatafutia maji hayo njia.

Teritori hizo zinapakana, lakini hewa zake hazifanani. Masisi ni nchi ya milima na malisho, na vilima vyake vingi hupita mita 2,000 juu ya bahari. Usiku wake una baridi, na mtu huko hutafuta blanketi kabla ya kutafuta kiyoyozi. Walikale, teritori kubwa kuliko zote katika jimbo, huteremka kuelekea magharibi hadi chini ya mita 1,000, ndani ya msitu wa mvua unaopitiwa na mto Lowa na mto Oso. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha tofauti. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 85, hali isiyo ngeni msituni, hubeba takribani gramu 20 za maji. Ikipozwa hadi nyuzi 5 hubaki na gramu 7 hivi, na gramu 13 hutua. Hewa ya mlimani yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 12, na ikipozwa vivyo hivyo hutua gramu 5 tu. Frigo ileile, ikifunguliwa mara zilezile, hutoa jasho zaidi ya maradufu ikihamishwa kutoka Masisi kwenda Walikale. Fundi asiyejua hilo huweza kuifungua mashine nzima akidhani imeharibika.

Kabla ya mashine, baridi ya eneo hili ilikuwa ya urefu wa milima. Utawala wa Wabelgiji uliithamini sana. Comité National du Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1928, iligawa ardhi za nyanda za juu kwa walowezi waliotaka hewa isiyo na joto, na kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilihamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda kwa mpango uliodumu hadi mwaka 1955. Mashamba yalizaa chai, kahawa na pareto, na malisho yakajaa ng'ombe. Maziwa yaliyozidi hayakuwa na frigo ya kuyangoja, wala barabara ya kuyafikisha Goma kabla hayajachacha. Jibu lililodumu lilikuwa jibini, ufundi ulioletwa na Wazungu, wamisionari wakiwemo: magurudumu ya manjano ya namna ya Gouda, yanayokaushwa kwenye rafu za mbao ndani ya nyumba zenye baridi ya mlima. Hapa unyevu ulikuwa rafiki. Jibini la aina hiyo hukomaa vizuri katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hadi 90, na katika hewa kavu hupasuka ganda. Hali ambayo baadaye ingemtesa mtunza chanjo ndiyo iliyolipatia jibini la Masisi soko hadi Goma na Kinshasa. Walikale, isiyo na malisho wala usiku wa baridi, haikuwa na hifadhi ya namna hiyo. Samaki na nyama vilikaushwa kwa moshi.

Chanjo ya kwanza kufika kila pembe ya nchi nayo haikuhitaji baridi kali. Kampeni ya kutokomeza ndui, iliyoharakishwa duniani tangu mwaka 1967, ilitumia chanjo iliyokaushwa kuwa unga, yenye uwezo wa kuvumilia joto la nyuzi 37 kwa mwezi mzima. Mchanjaji aliweza kuvuka msitu kwa miguu na dawa mfukoni. Ndui ikaondoka Zaire, Kongo ya leo, mwaka 1971. Ushindi huo ulikuwa rahisi kwa upande mmoja ambao haukuonekana mara moja: haukuacha nyuma yake frigo wala mtu aliyejua kuitunza. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango mpana wa chanjo mwaka 1974, unaojulikana Kongo kwa kifupi cha PEV, orodha mpya ilikuwa na surua, polio, pepopunda, kifaduro, dondakoo na kifua kikuu. Hizo zilidai baridi tangu kiwandani hadi kwenye mkono wa mtoto, na vituoni zilipaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Frigo iliyopewa kazi hiyo vijijini ilikuwa ya mafuta ya taa. Ilikuwa na historia ndefu tayari: wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922, na kampuni ya Electrolux ikanunua haki zake miaka michache baadaye. Haina mota wala pampu. Mwali mdogo chini ya mashine huchemsha maji yenye amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huvukizwa tena ndani ya haidrojeni, na kuvukizwa huko ndiko kunakonyonya joto la sanduku. Yote yamefungwa ndani ya mabomba ya chuma yasiyofunguliwa maisha yote ya frigo. Kwa nchi ambayo sehemu yake kubwa haikuwahi kufikiwa na nyaya za SNEL, shirika la umeme la taifa, mashine inayogeuza moto kuwa baridi ilikuwa na mantiki yake.

Ilikuwa pia na tabia zake. Kwa kuwa kimiminika hutiririka ndani ya mabomba kwa uzito wake tu, frigo lazima isimame sawasawa kabisa. Katika kituo cha afya chenye sakafu ya udongo, kilichojengwa kwenye ubavu wa mlima, hilo ni sharti gumu. Frigo iliyoinama huacha kupoza polepole bila kelele, barafu yake huyeyuka, na dalili ya kwanza anayoiona muuguzi ni maji sakafuni. Anayafuta. Kesho yapo tena. Tiba ni kipande cha ubao chini ya mguu mmoja na kipimo cha usawa, au chupa yenye maji nusu iliyolazwa juu ya frigo kama kipimo hakipo.

Maji mengine yalifika ndani ya mafuta yenyewe. Mafuta ya taa yakihifadhiwa kwenye pipa lisilofungwa vizuri hukusanya maji, na maji, kwa kuwa ni mazito zaidi, hukaa chini ya tangi karibu na utambi. Mwali huanza kurukaruka na kugeuka wa manjano, masizi huziba bomba la moshi, na baridi hupotea. Frigo ndogo ya chanjo ilikunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, kwa hiyo mafuta machafu ya wiki moja yalitosha kuharibu chanjo za mwezi. Katika vilima vya Masisi hewa nyepesi iliongeza taabu, kwani mwali unaokosa oksijeni hutoa moshi haraka zaidi.

Mitambo hiyo ilifundisha pia jinsi ya kutofautisha maji na maji. Matone meupe yasiyo na harufu kwenye ukuta wa ndani ni ya hewa: mlango unafunguliwa mno, au mpira wa mlango umechakaa. Karatasi ikifungiwa mlangoni na kuvutika bila kukwama, mpira umekwisha. Doa la manjano nyuma ya frigo, lenye harufu kali ya amonia, ni jambo jingine kabisa. Rangi hiyo hutoka kwenye kemikali iliyowekwa kuzuia kutu ndani ya mabomba, na kuiona nje maana yake ni kwamba bomba limetoboka. Frigo ya namna hiyo haina matengenezo kijijini.

Sehemu iliyosumbua zaidi ilikuwa safari. Kutoka bohari ya PEV Goma, chanjo zilipelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, kisha kwenye vituo, ndani ya masanduku yaliyozungushiwa pakiti za barafu, juu ya pikipiki au kichwani. Njia ya Sake kwenda Masisi hugeuka matope kila msimu wa mvua, na Walikale, kilomita nyingi zaidi magharibi, imefikiwa mara nyingi kwa ndege ndogo kuliko kwa gari. Katika sanduku la aina hiyo maji huwa adui wa pande mbili. Pakiti zikitolewa kwenye kongelateri na kupakiwa papo hapo, ubaridi wake wa chini ya sifuri hugandisha chanjo za pepopunda na homa ya ini, ambazo zikigandishwa mara moja hazifai tena. Ndiyo maana wauguzi hufundishwa kuziacha pakiti mezani hadi zitoe jasho na maji yasikike yakicheza ndani zinapotikiswa. Pakiti zikiyeyuka zote, au moja ikipasuka, chupa za chanjo huogelea. Lebo hubanduka, na chupa isiyo na jina wala tarehe hutupwa hata kama dawa yake ni nzima. Hatari kubwa zaidi ni kifuniko cha mpira kilichokwisha kuchomwa sindano: maji machafu hupitia tundu hilo. Shirika la Afya Duniani liliandika hilo waziwazi katika sera yake ya mwaka 2000 kuhusu chupa zilizofunguliwa: chupa ambayo kifuniko chake kimezama majini haitumiki siku ya pili. Sheria hiyo yote ilizaliwa kwenye dimbwi la vidole viwili chini ya sanduku.

Vita vilikatiza kazi hiyo. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi ndani ya siku chache. Kufuatia wimbi la wakimbizi kutoka Rwanda la mwaka 1994 na vita vya 1996 na 1998, ng'ombe wa Masisi waliporwa kwa maelfu na vituo vya afya vikaporwa mara kwa mara. Frigo ni kitu kizito, lakini betri, paneli za jua na mafuta ya taa hubebeka, na bila hivyo sanduku lililobaki ni kabati tu. Kwa miaka mingi chanjo zilifika kwa kampeni za siku chache, zikiletwa na barafu yake na kuondoka nayo.

Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza kazi katika hospitali kuu ya Masisi mwaka 2007, walikuja na jenereta, na jenereta zilileta frigo za kompresa. Hizo hupoza haraka na hazijali kuinama kidogo, lakini zina ubovu wake. Umeme ukizimwa usiku ili kuokoa dizeli, barafu iliyoganda kwenye kuta huyeyuka. Ukiwashwa asubuhi huganda tena. Mzunguko huo hujaza trei ya nyuma haraka kuliko joto la kompresa linavyoweza kuivukiza, na tundu dogo la kupitishia maji, likizibwa na vumbi au kipande cha lebo, huyarudisha yote ndani. Waya wa chuma wa unene wa msumari, ukipitishwa kwenye tundu hilo mara moja kwa mwezi, umeokoa frigo nyingi kuliko vipuri.

Walikale ilipata baridi kwa njia yake. Tangu mwaka 2002 kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilivuta maelfu ya wachimbaji na wafanyabiashara msituni. Ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, zikaondoka na madini kwenda Goma na kurudi na bidhaa, bia ikiwemo. Biashara ya kinywaji baridi ni biashara ya jenereta, na serikali iliposimamisha uchimbaji kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, fedha ya kununulia mafuta ilikauka pamoja na mengine. Frigo ya baa na frigo ya chanjo zilitegemea pipa lilelile, jambo ambalo wapangaji wa afya walioketi mbali hawakulitia katika mahesabu yao.

Mabadiliko makubwa yalikuja na frigo za jua zisizo na betri. Frigo za jua za kwanza, za miaka ya 1980, zilihifadhi umeme ndani ya betri, na betri ndizo zilizokufa kwanza au kuibiwa. Aina mpya, iliyoenea baada ya mwaka 2010, huhifadhi baridi yenyewe. Paneli huendesha kompresa mchana, kompresa hugandisha maji yaliyofungwa ndani ya kuta, na barafu hiyo huishikilia chanjo usiku na siku za mawingu. Masharti ya Shirika la Afya Duniani ni angalau siku tatu. Muungano wa chanjo Gavi ulianzisha mwaka 2016 mfuko maalumu wa kununua vifaa hivyo, na Kongo ikawa miongoni mwa nchi zilizopokea. Katika baadhi ya aina, wabunifu walitumia tabia ya maji ambayo ni nadra katika maumbile: huwa mazito kuliko yote yanapofika nyuzi 4. Maji ya nyuzi 4 huzama na kukizunguka chumba cha chanjo, yale ya baridi zaidi hupanda juu yakae na barafu, na hivyo chanjo hukaa kwenye joto linalotakiwa bila kifaa cha kuiongoza. Safari hii maji yalikuwa sehemu ya suluhisho.

Frigo hizo nyingi hufunguliwa kwa juu kama sanduku, kwa sababu hewa baridi ni nzito na haimwagiki kifuniko kinapoinuliwa. Matone hayakuisha. Yalihamia chini, ambako kuna kizibo cha kuyatoa, na vikapu viliwekwa ili chupa zisiguse sakafu ya frigo. Muuguzi akivitoa vikapu ili apate nafasi zaidi, chupa hurudi majini kama zamani. Katika msitu wa Walikale kuna shida ya ziada, nayo ni kivuli: tawi moja lililokua juu ya paneli hupunguza barafu ya siku nzima, na frigo huanza kulowa kwa sababu iliyo nje ya nyumba kabisa.

Ebola ilidai baridi ya kiwango kingine. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliambukiza watu 3,470 na kuua 2,287, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini. Agosti 2019 ugonjwa ulifika Pinga, katika Walikale karibu na mpaka wa Masisi. Chanjo yake hutunzwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, ingawa ikiyeyushwa huweza kukaa wiki mbili katika baridi ya kawaida ya frigo. Ilisafirishwa ndani ya vyombo vinavyoitwa Arktek, vyenye kuta mbili zisizo na hewa katikati, vinavyodumisha baridi hiyo kwa siku kadhaa bila umeme. Katika nyuzi hizo mvuke wa hewa haupati hata nafasi ya kuwa tone; huganda papo hapo ukawa theluji nyembamba. Theluji hiyo ikijijenga kwenye mpira wa kongelateri, mlango haufungi sawasawa, hewa mpya huingia, na theluji huongezeka. Ni ubovu uleule wa frigo ya mafuta ya taa ukiwa umevaa nguo nyeupe.

Kiyoyozi ndicho kilichokuja mwisho, na bado ni nadra. Mlimani hakina kazi. Chini, sababu yake ni dawa: vidonge na maji ya mishipa vingi huandikiwa kukaa chini ya nyuzi 25 au 30, na bohari ya mabati jua linapowaka hupita hapo bila shida. Kiyoyozi cha magurudumu, kile chenye bomba nene linalotolewa dirishani, huonekana kuwa jibu rahisi kwa jengo lisiloweza kutobolewa ukuta. Mashine hiyo ilibuniwa kwa hewa kavu kuliko ya msitu. Aina nyingi za sasa huyarushia maji yake kwenye mabomba ya moto ili yavukizwe na kutolewa pamoja na hewa ya joto. Hewa ikiwa na unyevu mno, mvukizo hauwezi kufuata kasi ya matone; tangi la chini hujaa, kiboya hupanda, na mashine hujizima na kuwasha taa. Hapo hakuna kilichovunjika. Kizibo cha chini hufunguliwa juu ya beseni, au mpira wa kumwagia hufungwa ukiteremka moja kwa moja hadi nje bila kupanda popote, kwa kuwa maji haya hayana pampu ya kuyasukuma.

Maji yakimwagika kabla taa haijawaka, mpangilio wa uchunguzi ni uleule uliotumika kwa frigo. Kwanza usawa, kwani mashine iliyoinama humwaga tangi ambalo halijajaa. Kisha kizibo na pete yake ya mpira, ambayo hukauka na kupasuka. Kisha tundu la ndani na chujio: vumbi likiziba chujio, hewa hupita kidogo mno, mabomba ya baridi huganda, na barafu ikiyeyuka mara moja hufurika kupita trei. Kisha bomba la dirishani. Pengo lililoachwa pembeni yake hurudisha ndani hewa ya msitu, na kiyoyozi huukausha ulimwengu mzima badala ya chumba. Uvujaji wa gesi ya kupoza hutafutwa mwisho, maana dalili yake ni baridi kupungua, na barafu ikionekana huwa imeshika sehemu tu ya mabomba.

Mwaka 2025 njia za vifaa hivi zilibadilika tena. Waasi wa M23 waliingia Masisi mjini mwanzoni mwa Januari na Goma mwishoni mwa mwezi huo. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na mwezi Machi waasi walifika Walikale mjini kabla ya kuondoka mwanzoni mwa Aprili. Bohari ya Goma, ambayo chanjo za teritori zote mbili zilikuwa zikipitia, ikakosa njia yake ya kawaida ya ndege kutoka Kinshasa. Kwa upande wa magharibi, njia iliyobaki kwa Walikale ilikuwa barabara ya taifa namba 3 inayokwenda Lubutu na Kisangani kupitia msitu, safari ambayo sanduku la baridi huimaliza likiwa na maji zaidi kuliko barafu.